Shemeji na Filimbi ya Mafuriko

Jumanne, 4 Machi

Kosa la wengi ni hili: humkumbuka mnyama maji yakiwa yameshafika kizingitini. Ndipo wanapokimbilia stoo, wanatoa kizimba ambacho mnyama hukiona siku ya sindano tu, wanamwita kwa sauti inayotetemeka, halafu wanashangaa wameng'atwa. Mnyama hana kosa. Kwake yeye kizimba ni sindano, na sauti inayotetemeka ni dalili kwamba anayeita naye anakimbia kitu. Nimemweleza haya mwenye duka leo, kwa utaratibu, kuanzia mwanzo. Alikuwa anafunga duka. Akaendelea kufunga huku namweleza.

Watu wa mamlaka ya mto wametangaza: mvua kubwa huko milimani, maji yatashuka mwishoni mwa wiki ijayo. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi. Mto huu naujua. Nyumba yangu iko bondeni, upande ule ambao kwenye ramani za darasani nilikuwa naupaka buluu hafifu.

Nina viumbe watatu wa kuokoa. Hakimu, mbwa, aliyepewa jina hilo kwa uso wake mzito na kwa kusinzia kazini. Haraka, kobe. Na Shemeji, kasuku. Jina la Shemeji lilitoka kwa marehemu mke wangu. Alisema: anakula kwetu, analala kwetu, anakosoa kila kitu, na haondoki.

Shemeji husema neno moja tu. Mke wangu alikuwa na kawaida, jioni, kutoka jikoni, kuuliza, "Umekula?" Aliniuliza mimi. Alimuuliza mbwa. Alimuuliza kobe. Aliwauliza hata mafundi waliokuja kuziba bomba. Shemeji aliinasa sauti ile vilevile, pamoja na kile kikohozi kidogo cha kuanzia. Huu ni mwaka wa pili mwenye sauti hayupo. Lakini jioni ikiingia, kutoka tunduni: kikohozi, kisha, "Umekula?" Nami hujibu, "Nimekula." Mara nyingi huwa sijala.

Huyo ndiye sitaki maji yanichukulie.

Jumatano, 5 Machi

Mpango uko tayari. Jumamosi mwenyekiti wa mtaa atachagua msimamizi wa wanyama kwa siku ya hatari. Msimamizi atapewa kizibao cha kung'aa na kipaza sauti. Anayestahili ni mmoja. Simtaji jina. Niko peke yangu chumbani, hakuna haja.

Kikwazo kipo. Jirani yangu, nesi mstaafu, ambaye mtaa mzima humwita Bibi Sindano. Anafuga bata na maneno. Naye anautaka usimamizi. Hajasema, lakini nimemwona akimpelekea mwenyekiti mayai.

Njia yangu ni filimbi. Naeleza. Mnyama hafuati maana, hufuata sauti. Kwa hiyo inatakiwa sauti moja, kali, isiyofanana na nyingine yoyote. Ikilia, kila mmoja aingie kizimbani mwake. Nimeitoa filimbi yangu ya zamu, ile iliyokuwa ikiwanyamazisha wanafunzi hadi ng'ambo ya uwanja. Atakayeuliza kama wanyama hawataogopa, nitamjibu kwa neno moja: nidhamu.

Zoezi la kwanza. Nikapuliza. Hakimu akaingia chini ya kitanda. Haraka akaingia ndani ya gamba lake. Shemeji alikuwa tayari yumo tunduni. Kwa haki kabisa, wote watatu waliingia mahali. Mwanzo mzuri!

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi asubuhi, mchana na alasiri. Bibi Sindano ameninyanyulia kichwa juu ya ukuta akauliza kama kwangu kumeanzishwa ligi, na kama ni hivyo, nani anaongoza. Nikamjibu kwa upole kwamba haya ni maandalizi ya kisayansi. Akasema haya Mwalimu, lakini refa akishangiliwa na kobe peke yake ajitafakari.

Njia yake mwenyewe ni hii, nimeichungulia: vizimba vya bata vimekaa uani milango wazi, mwaka mzima, na bata hula chakula humohumo. Wanaingia na kutoka kama wapangaji. Hiyo si nidhamu. Hiyo ni hongo. Bata wa namna hiyo ataingia kwa yeyote mwenye pumba.

Daktari wa mifugo amepita kumchanja Hakimu. Ili aone nilivyojipanga, nilikishusha kizimba kutoka juu ya kabati, ninapokitunza kisichakae. Hakimu alipokiona akamng'ata daktari. Daktari akasema, huku anajifunga kidole, kwamba kizimba kikae chini, wazi, chakula ndani. Nikamweleza kwa nini mawazo hayo, ingawa yameenea, hayana mizizi katika elimu. Nilimweleza hadi kwenye gari. Kabla hajawasha injini akasema jambo moja kuhusu Shemeji: kasuku akiogopeshwa sana hunyamaza, na akinyamaza muda mrefu maneno ya zamani humtoka, akachukua mapya.

Nikamshukuru. Vijana husoma mengi.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amejifunza! Alfajiri nimeamshwa na filimbi, safi, ndefu, bila kasoro. Nikaruka kitandani nikidhani ni mwizi wa filimbi. Kumbe ni yeye, kwenye kijiti chake, kichwa upande, anasubiri kupongezwa. Hakimu chini ya kitanda. Muuza maziwa, njiani, alifunga breki akaangalia leseni yake.

Ni mafanikio makubwa kuliko nilivyotarajia. Ndege sasa ni king'ora chenyewe. Nikiwa sipo, atapuliza yeye.

Jioni nilikaa sebuleni kama kawaida. Jua likazama. Nikangoja kile kikohozi. Shemeji akanitazama. Nikakohoa mimi, ili kumkumbusha. Akapuliza filimbi.

Huenda amechoka. Mazoezi yalikuwa mengi.

Nimemwambia "nimekula" hata hivyo, bila kuulizwa. Neno lilisikika vibaya lilipokaa peke yake.

Jumamosi, 8 Machi

Maonyesho mbele ya kamati, uani kwangu. Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu kumbukumbu ni sehemu ya elimu.

Nilitoa utangulizi. Mwenyekiti akaniambia mzee wetu, tumekuelewa, tuonyeshe sasa. Nikapuliza. Shemeji akapuliza. Nikapuliza kumtuliza. Akajibu. Mbwa wote wa mtaa wakapokea. Hakimu, kitanda kikiwa mbali, akaruka ukuta akaingia katika kizimba cha bata cha Bibi Sindano, akala pumba yote. Bata, kwa kuwa ulikuwa wakati wao wa kula, wakajipanga wakaingia mmoja mmoja nyuma yake, wakajibana humo naye. Kizimba kikajaa. Hakuna aliyemlalamikia mwenzake.

Bibi Sindano akamwambia mwenyekiti, kwa sauti ya unyenyekevu, kwamba hivyo ndivyo anavyofanya yeye, ila kwa kawaida bila mbwa.

Amepewa kizibao. Amepewa na kipaza sauti. Alikijaribu palepale kwa kuniita nije ninywe chai.

Mimi nimefanywa mshauri. Mshauri havai chochote. Nikatoa ushauri wangu wa kwanza na ukapita, nadhani kwa huruma: lori la kuhamishia watu na wanyama liondoke kwa ishara ya filimbi tu, na filimbi niwe nayo mimi. Mtu asipoachiwa hata ishara, abaki na nini?

Binti yangu, anayekaa kule juu kilimani, akapiga simu. Baba, njoo kwangu leo, na ndege na mbwa na hilo jiwe lako linalotembea. Nikamwambia mshauri hawezi kuondoka kabla ya watu wake. Akauliza kama Shemeji bado anasema vile. Nikamwambia anasema.

Jumapili, 9 Machi

Hajasema.

Nimefanya kazi ya vitambulisho. Naeleza umuhimu wake: mnyama aliyepotea bila namba ni mnyama tu, mwenye namba ni wa mtu. Nimenunua wino usiofutika na kuusifu dukani kwa sababu hiyohiyo. Nikaandika namba ya simu kwenye ukanda wa shingoni wa Hakimu, juu ya gamba la Haraka, na chini ya tundu la Shemeji, kwa mwandiko wa ubaoni, unaosomeka kutoka dawati la nyuma.

Nilipomaliza nikarudi nyuma kutazama. Si namba yangu. Yangu sijawahi kuikariri, mtu hajipigii. Niliyoiandika ni ile ninayoijua kwa kichwa. Ya mke wangu.

Nikasugua kwa sabuni. Nikasugua kwa mchanga. Haraka alivumilia. Wino ule ni mzuri kweli.

Nimeacha. Nani atapiga?

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa nyumbani kwa binti yangu.

Mto ulipanda mchana, kabla ya siku zilizotajwa. Maji hayakuja kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Yalikuja kupitia mfereji wa bafuni, taratibu, kama mgeni asiyetaka kusumbua. Bibi Sindano alikuwa barabarani na kizibao chake, anatangaza kwamba wenye wanyama lori ndilo hili, msisukumane, hata bata wamepanga foleni. Ni kweli walikuwa wamepanga.

Nikamtoa Shemeji kwanza. Nikafunika tundu kwa shuka, nikalipandisha lorini. Utingo akauliza kama ndege anasafiri peke yake. Nikamwambia asubiri, nafuata mbwa. Akasema mzee usikawie, sisi tunangoja filimbi yako tu.

Kizimba kilikuwa juu ya kabati. Kabati lilikuwa limevimba. Nilipokishusha, Hakimu akaniona nacho, akaingia chini ya kitanda mpaka ukutani, na maji yakamfuata huko. Nikamwita. Sauti ilitetemeka. Nilijua kwamba inatetemeka, nilijua na maana yake kwake, na sikuweza kuizuia.

Nikashika filimbi. Nilikuwa sijaitia mdomoni. Naapa ilikuwa mkononi, kavu.

Nikaisikia ikilia barabarani. Safi, ndefu, bila kasoro.

Kisha injini. Nilipofika mlangoni lori lilikuwa linakata kona, na shuka inapepea.

Nilibaki nimesimama majini. Bibi Sindano naye alikuwa ameshuka kunitafuta, kwa hiyo bata wake wameondoka bila yeye. Aliniambia maneno ambayo nesi hatakiwi kuyajua. Halafu akauliza mbwa yuko wapi. Nikaonyesha kwa kidole. Hakwenda chumbani. Alisimama mlango wa jikoni, akakohoa kidogo, akasema, kama anavyosema mtu mwenye sufuria mkononi, "Hakimu, umekula?"

Mbwa akatoka. Alitoka akiogelea, akaja akaegemea mguu wake.

Kwa maoni yangu alikuwa amechoka kukaa chini ya kitanda. Ilitokea tu kwamba ni wakati uleule.

Tukapanda kilima kwa miguu, mbwa katikati, Haraka kwenye kikapu. Nikamuuliza Bibi Sindano alijifunzia wapi kukohoa vile. Akasema Mwalimu, nimeishi ukuta mmoja na mkeo tangu nywele zetu nyeusi, unadhani nilikuwa nasikia nini jioni?

Alhamisi, 13 Machi

Lori lilishusha watu sehemu nyingi: shuleni, ukumbini, uwanja wa mpira. Dereva hakumbuki tundu. Utingo anakumbuka tundu lakini hakumbuki wapi. Anasema ndege alipuliza filimbi njia nzima, na dereva kila akisikia alikuwa anasimama akidhani ni amri yangu, watu wanashuka, anaondoka tena. Ndivyo walivyotawanyika.

Bata wamepatikana siku ileile, wote, wamekaa ndani ya kreti tupu la soda ukumbini. Lilikuwa wazi. Nimempongeza Bibi Sindano. Hakushangilia. Alivaa kizibao chake tukazunguka pamoja.

Nilikuwa na mbinu. Ukumbini nilisimama katikati, nikapuliza filimbi, ili Shemeji ajibu. Watu waliokuwa wamelala chini waliruka, wakabeba watoto, wakakimbilia milangoni. Nilieleza. Nilieleza huku nikitolewa nje kwa mabega. Uwanja wa mpira nilikatazwa kuingia, habari zilikuwa zimetangulia. Bibi Sindano aliingia badala yangu, akatoka akitikisa kichwa.

Akaniomba filimbi. Sikumpa.

Jioni, kwa binti yangu. Amepika. Hakuna aliyeuliza kitu. Hakimu alikaa akiutazama mlango wa jikoni, ambao kwenye nyumba hii uko upande mwingine.

Niliomba radhi mezani kwa kusema kwamba ndege huyo hakuwa amesema kitu tangu Alhamisi iliyopita. Kwamba huenda nilimfuta mwenyewe, hata kabla ya mto kufika. Binti yangu akasema Baba, kula.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika polepole ili niandike vizuri.

Asubuhi ilisikika simu ikilia kwenye kabati la binti yangu. Si simu yake. Mlio ule naujua. Nilikaa nilipokuwa. Akafungua droo akatoa simu ndogo ya mama yake. Kumbe hakuwahi kuizima. Huichaji kila Jumapili na kuirudisha. Hakuniambia. Nami sikumwambia kuhusu wino.

Akapokea kwa kunong'ona. Akasikiliza. Akaniwekea sikioni.

Alikuwa mpishi wa ile shule iliyo mwisho wa barabara, kule juu kabisa, ambako hatukuwa tumefika. Akauliza kama hii ni namba ya mwenye ndege. Akasema alimkuta nje ya stoo, kwenye tundu, akamweka jikoni kwenye rafu penye joto. Siku mbili anapuliza filimbi tu na wapakua chakula wamemchoka. Lakini leo alfajiri, masufuria yalipoanza kugongana, akakohoa. Mpishi akageuka akidhani kuna mtu. Ndege akamwambia, "Umekula?"

Mpishi akasema: baba yangu, napika hapa tangu watu walipoanza kuletwa, nimepakulia shule nzima, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza swali hilo. Nikakaa chini nikala. Ndipo nikaona namba.

Tulikwenda wote. Bibi Sindano alivaa kizibao, akasema ni ziara rasmi. Jikoni palikuwa na moshi na kelele za vifuniko. Shemeji alikuwa juu ya rafu, kati ya chumvi na majani ya chai, ananitazama kama anayenikumbuka kwa mbali. Nikamsogelea. Akapuliza filimbi. Hakimu akaingia chini ya meza.

Nikasema sawa. Ni yeye, tumshukuru mpishi, twende. Nikanyanyua tundu.

Mpishi akafunua sufuria ya maharage. Kifuniko kikagonga. Shemeji akakohoa.

"Umekula?"

Nikajibu, "Nimekula."

Binti yangu akatoka nje. Hakimu akatoka chini ya meza. Bibi Sindano akamwambia mpishi, bila kunitazama, kwamba huyu ni mwongo, hajala tangu Jumanne. Nikaletewa sahani. Nililia palepale jikoni, nimesimama, na maharage yalikuwa ya moto.

Jumapili, 23 Machi

Nimerudi nyumbani. Maji yameacha mstari ukutani, juu kidogo ya soketi, ulionyooka kuliko wowote niliowahi kuchora ubaoni. Shemeji anauliza kila jioni sasa. Nimegundua huuliza kifuniko kikigonga, kwa hiyo nagonga kifuniko. Na nikishagonga, si vizuri sufuria kuwa tupu, hivyo napika.

Nimefanya tathmini ya tukio lote, kwa haki. Viumbe watatu, wote hai. Sababu za mafanikio: kwanza, filimbi, maana lori liliondoka mapema kutokana na mafunzo niliyotoa kwa ndege. Pili, vitambulisho, vilivyoandikwa namba sahihi. Tatu, nidhamu. Suala la kukohoa jikoni bado linahitaji utafiti.

Daktari wa mifugo amekuja kuwakagua. Akauliza kizimba kiko wapi. Nikamwonyesha: nimekiosha, nimekikausha, nimekifunga kamba, kiko juu ya kabati, Hakimu asikizoee bure. Siku hizi huvaa glavu.

Nimeagiza filimbi kubwa zaidi. Watu wanasema ukanda huu hauna matetemeko ya ardhi. Hapo ndipo wengi hukosea. Zoezi ni kesho asubuhi.

Bibi Sindano ameniomba, kama mshauri, niandike tangazo la ubao wa mtaa. Nilimpelekea kurasa nyingi zenye utangulizi na michoro. Amekata zote kwa kalamu nyekundu, kalamu yangu mwenyewe, akaacha sentensi moja ya katikati. Anasema ndiyo pekee ambayo mtu anaweza kuifanya kabla ya giza kuingia. Sijui aliionea wapi, hata sikumbuki kuiandika. Nainakili hapa kwa faida ya wale wasiojaliwa filimbi:

Leo, shusha kizimba, kiweke chini mlango wazi, na mwekee mnyama wako chakula cha jioni humo ndani.